Stefano Kaoze: herufi za Mpala zilizomfikisha mbali

Katika mwaka wa kwanza wa primeri, iwe Zongwe, iwe Mpala ao Moba, asubuhi inaanza na kazi ileile. Mwalimu anachora herufi moja kwenye ubao. Tuseme ni k: fimbo moja imesimama, halafu mikono miwili, mmoja unapanda, mwingine unashuka. Watoto wanaitamka pamoja na irabu: ka, ke, ki, ko, ku. Kaka, kuku, kiko, Kalemie. Kisha wanaichora hewani kwa kidole, wanaichora kwenye mchanga, na mwisho kwenye ardwazi. Mwenye kukosea anapangusa kwa kiganja na kuanza tena.

Kuna jina moja kubwa la jimbo la Tanganyika linaloanza na herufi hiyo: Kaoze. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alikuwa katika kizazi cha kwanza cha watoto waliofundishwa herufi hizi upande wa magaribi wa ziwa. Wazazi wao hawakuwahi kuzishika. Kutoka kwenye ka-ke-ki-ko-ku mtoto huyo alifika kwenye Kilatini na Kifaransa, akaandika maandiko yaliyochapwa Ubelgiji, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Wengi wanajua habari ya upadri wake. Habari ya herufi zake haizungumzwi sana, na ndiyo iliyofungua njia ya mengine yote.

Nchi pasipo karatasi

Kaoze alizaliwa miaka ya 1880, kati ya Watabwa wa Marungu, katika nchi ambayo leo ni teritware ya Moba. Vitabu vingi vinataja mwaka 1886 ao karibu na hapo. Siku yenyewe haikuandikwa popote, kwa sababu wakati ule hapakuwa na kitabu cha kuandika watoto. Mtu alihesabiwa umri kwa mambo yaliyotokea: mwaka wa njaa, mwaka wa vita, mwaka chifu fulani alipokufa. Wazee ndio waliokuwa kitabu. Waliweka vichwani mwao koo, mipaka ya ardhi, na njia ambazo mababu walipita mpaka kufika pale.

Hata vile, si kweli kwamba watoto wa Watabwa hawakujua alama. Kazi za mikono za Watabwa, vinyago, vikapu, hata chale kwenye ngozi ya watu, zilikuwa na mapambo ya pembetatu zinazofuatana. Waliyaita balamwezi, kwa maana ya kuandama kwa mwezi mpya. Mtoto aliyakuta tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, akajifunza kuyatambua na kujua yanasema nini. Kwa majirani Waluba, wenye kulinda historia walikuwa na lukasa, kibao chenye shanga na michoro, ambacho mjuzi alikigusa kwa kidole huku akisimulia mambo ya wafalme. Kwa hiyo wazo kwamba alama ndogo inaweza kubeba neno kubwa halikuwa geni. Alama za ABC ndizo zilizokuwa ngeni.

Herufi nazo zilikuwa zimeanza kuzunguka ziwa kabla ya misioni. Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tippu Tip mwenyewe, aliyetawala biashara ya pembe na watumwa katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi hizo. Kwa mtu wa kijiji cha Marungu, karatasi yenye maandishi ilikuwa kitu cha watu wenye bunduki: iliandika madeni, mizigo, na hesabu ya watu waliokamatwa.

Wazungu nao hawakufika kwa upole. Mwezi wa 5 mwaka 1883, afisa Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala kwa jina la shirika la mfalme Leopold II. Mwezi wa 12 mwaka 1884, watu wake walimshambulia na kumuua chifu Lusinga, na fuvu la kichwa cha Lusinga likapelekwa Ubelgiji. Mwaka uliofuata, 1885, Mpala ilitiwa mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 akafika Léopold Joubert, askari Mfaransa aliyekuja kulinda misioni na vijiji dhidi ya wakamata watumwa. Hiyo ndiyo nchi Kaoze aliyozaliwa ndani yake: vita pande zote, na katikati nyumba ya misioni yenye ukuta, kanisa na masomo.

Masomo ya misioni

Kati ya watoto wa kwanza wa masomo ya misioni kando ya ziwa walikuwemo wengi waliokombolewa kutoka utumwani. Walitoka pande mbalimbali na kila mmoja alikuja na lugha yake. Kiswahili kilikuwa kinaeleweka kidogo na karibu wote, kwa sababu ya biashara ya Ujiji. Mapadri wakakifanya kuwa lugha ya masomo na ya mafundisho ya dini. Wakati huohuo walijifunza Kitabwa. Padri Gustave de Beerst aliandika sarufi ya Kitabwa iliyotoka mwaka 1896, na Padri Auguste Van Acker akatoa kamusi ya Kitabwa na Kifaransa mwaka 1907. Yaani, Kaoze alipokuwa mtoto na kijana, watu walikuwa bado wanakata shauri neno hili la Marungu liandikwe kwa herufi gani.

Kwa mtoto, uchaguzi huo wa lugha ulikuwa na maana kubwa. Kitabwa na Kiswahili vina irabu tano zilezile: a, e, i, o, u. Katika lugha zote mbili silabi nyingi zinamalizika kwa irabu. Herufi moja inasomwa namna moja, iwe mwanzoni ao mwishoni mwa neno. Mwalimu akishafundisha irabu tano na herufi ya m, mtoto anaweza kusoma mama palepale. Akiongeza b, anapata baba, bibi, bamba. Haihitaji miaka. Mtoto anapiga makofi kwa kila silabi, anasikia vipande vya neno, halafu anaviona ubaoni vimekaa kwa mpango uleule.

Jina la Kaoze ni mfano mzuri. Linapigwa makofi matatu: ka-o-ze. Lina herufi tano na zote zinasikika, hakuna hata moja iliyokaa bure. Hata jina lake la ubatizo lilifuata njia hiyo. Mtakatifu ambaye Wafaransa wanamwita Étienne, kwa Kiswahili cha misioni ni Stefano, na ndivyo Kaoze alivyoitwa na alivyojulikana maisha yake yote.

Masomo yenyewe yalikuwa na mipaka yake, na si vizuri kuificha. Kusudi la kwanza la misioni lilikuwa dini. Kusoma kulifundishwa ili mtoto aweze kusoma katekisimu na sala. Watoto walifanya pia kazi za shamba na za ujenzi. Wengi waliishia kusoma kidogo na kuandika jina lao, basi. Njia ndefu zaidi, ile ya seminari, ilikuwa ya wavulana peke yao. Msichana mwenye akili sawa na ya Kaoze hakuwa na mlango wa namna hiyo.

Kutoka Kiswahili mpaka Kilatini

Aliyekata shauri kufungua njia hiyo ndefu ni Victor Roelens, Mbelgiji, aliyeanzisha misioni ya Baudouinville mwaka 1893, ndiyo Kirungu ya Moba ya leo, akafanywa askofu mwaka 1896. Roelens alitaka kanisa la Kongo lipate mapadri wa nchi. Wakati ule wazungu wengi, hata ndani ya kanisa, walisema haiwezekani: eti mwafrika hawezi kufuata masomo marefu ya akili, eti hawezi kuvumilia. Askofu naye hakuwa mtu mwepesi. Alidai vijana wake wapite masomo yote ambayo padri wa Ulaya alipita, tena wajaribiwe miaka mingi.

Kaoze aliingia seminari ndogo mwishoni mwa karne ile ya 19, pale Mpala. Huko akakutana na Kilatini. Kwa mtu aliyejifunza herufi kwa Kiswahili, Kilatini hakikuwa kigumu sana kukisoma kwa sauti, kwa kuwa karibu kila herufi inatamkwa. Kulikuwa na wageni wachache tu, kama q na x, ambazo Kiswahili hakizitumii. Kazi ngumu ilikuwa sarufi: maneno yanayobadilika mkia kila mara.

Kifaransa kilikuwa mambo mengine. Neno la maji kwa Kifaransa linaandikwa kwa herufi tatu, e, a, u, na sauti yake ni o. Herufi u haisomwi u ya kuku. Herufi za mwisho zinaandikwa halafu zinanyamaza. Mtoto akianza kujifunza herufi ndani ya lugha ya namna hiyo asiyoisema, anabeba mizigo miwili kwa mara moja: alama asiyoijua na sauti asiyoijua. Kaoze hakubebeshwa yote miwili pamoja. Alipofika kwenye Kifaransa alikuwa tayari msomaji. Aliloongeza lilikuwa lugha mpya, juu ya kazi aliyokwisha kuijua.

Wenzake wa seminari waliacha mmoja baada ya mwingine. Wengine walirudi nyumbani, wengine wakawa makatekista na waalimu. Kaoze alibaki. Akapita kwenye seminari kubwa ya Baudouinville, filosofia halafu teolojia. Tangu kuingia seminari mpaka upadri ilimchukua zaidi ya miaka 15.

Kalamu mkononi mwa Mtabwa

Karibu mwaka 1910, Arthur Vermeersch, padri Mjezuiti na mwalimu wa Ubelgiji, alipata maandiko ya mwanafunzi huyo wa seminari. Yalitoka Ubelgiji katika jarida La Revue congolaise, mwaka 1910 na 1911, chini ya kichwa La psychologie des Bantu. Wachunguzi wengi wanayahesabu kuwa maandiko ya kwanza ya Mkongomani kuchapwa kwa Kifaransa.

Inafaa kukumbuka mwaka wenyewe. Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa Leopold II mwaka 1908 na kuwa koloni ya Ubelgiji. Vitabu vingi vilikuwa vimeandikwa juu ya watu wa Kongo: na maafisa, na wapelelezi, na wamisionari. Ndani yake mwafrika alipimwa, alihesabiwa, alielezwa na mwingine. Watu hao hawakuulizwa, na hata kama wangeulizwa, wengi hawangeweza kusoma kilichoandikwa juu yao. Sasa kijana wa Marungu, ambaye miaka kumi na kitu nyuma alikuwa anachora herufi za kwanza, alishika kalamu akaeleza mwenyewe namna watu wa kwao wanavyofikiri, wanavyojua, wanavyopenda, wanavyopokea mema na mabaya. Aliandika kama mtu wa ndani, mwenye kujua maana ya methali na ya majina, kwa kuwa alikua nayo.

Hakuwa huru kabisa. Alikuwa mwanafunzi wa seminari, chini ya macho ya wakubwa wake, na aliandika kama mkristo aliyeamini kwamba dini aliyoipokea inapita desturi za mababu. Wanaomsoma leo wanaona mahali anapowatetea watu wake na mahali anapowahukumu. Lakini jambo moja halikanushwi: katika zile kurasa, Mtabwa ndiye mwenye kusema. Miaka 35 baadaye, mwaka 1945, mmisionari Placide Tempels, aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga, alitoa kitabu juu ya filosofia ya Kibantu, kikajulikana dunia nzima. Kaoze alikuwa amekwisha kugusa uwanja huo, tena kutoka upande wa wenye nyumba.

Tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka 1917

Wakati Kaoze anamaliza masomo yake, dunia ilikuwa vitani, na ziwa pia. Mashua za kivita za Wajerumani zilitawala Tanganyika mwanzoni mwa vita. Mwisho wa mwaka 1915 na mwanzo wa 1916, Waingereza na Wabelgiji, wakitoka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, waliwanyang'anya Wajerumani nguvu hiyo. Wanaume wengi wa Tanganyika walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na wengi hawakurudi.

Katikati ya taabu hiyo, tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka 1917, Askofu Roelens alimpadirisha Stefano Kaoze pale Baudouinville. Zamani sana, katika ufalme wa Kongo kule magaribi, kulikuwa na mapadri wa nchi, hata askofu mmoja katika karne ya 16. Lakini mlango huo ulikuwa umefungwa kwa muda mrefu. Katika Kongo ya ukoloni, Kaoze alikuwa wa kwanza. Kwa watu wa Marungu ilikuwa jambo la kuona kwa macho: mtoto waliyemjua, mwenye jina la kwao, amesimama altareni anasoma kitabu ambacho mpaka siku ile wazungu peke yao ndio walikisoma mbele ya watu.

Mwaka 1920 alisafiri pamoja na Roelens mpaka Ulaya, akafika Roma na Ubelgiji. Ndio mwaka ule Papa Benedikto XV aliwatangaza Wafiadini wa Uganda kuwa wenyeheri. Padri mweusi kutoka Kongo hakuwa kitu cha kawaida machoni pa Wabelgiji wa wakati ule, na wale waliosema haiwezekani walikuwa naye mbele yao, anazungumza Kifaransa na kusali Kilatini.

Kurudi kwake hakukufuta ubaguzi. Katika koloni padri mweusi alibaki mweusi. Viongozi wakuu wa misioni walikuwa bado wazungu, na ilibidi Kaoze angoje miaka 16 baada ya upadri ndipo misioni ya kwanza ikabidhiwa mapadri wa nchi. Mwaka 1933 alipewa kuongoza misioni ya Lusaka, si ile ya Zambia, ni Lusaka ya teritware ya Moba, katika milima ya watu wake. Hapo mapadri Wakongomani waliishi na kufanya kazi chini ya Mkongomani mwenzao.

Herufi zikarudi kijijini

Misioni kama Lusaka ilikuwa na kanisa katikati, halafu vijiji vingi kuizunguka, kila kimoja na katekista wake. Katekista huyo mara nyingi ndiye aliyekuwa pia mwalimu. Alikusanya watoto chini ya paa la nyasi, akawafundisha sala, nyimbo, hesabu kidogo, na herufi. Namna hiyo ndiyo iliyopeleka ABC mbali kuliko gari la Leta lingeweza kufika. Waalimu wengi wa kwanza wa primeri katika Tanganyika walitoka katika kundi hilo.

Kaoze mwenyewe hakuacha kalamu. Aliandika juu ya historia ya koo za Marungu: nani alitoka wapi, nani alipewa ardhi na nani, machifu walifuatana namna gani. Yale ambayo wazee waliyaweka vichwani, na ambayo yangezikwa pamoja nao, aliyatia kwenye karatasi. Wachunguzi waliokuja baadaye kutafuta historia ya Watabwa wameyatumia maandiko hayo. Hapo duara la maisha yake linaonekana: alipokea herufi kutoka mikono ya wageni, akazitumia kuhifadhi maneno ya babu zake.

Katika miaka ya mwisho koloni ilimwita katika mabaraza yake. Aliwekwa katika Tume ya kulinda wenyeji, na mwaka 1947 katika Baraza la Serkali la Kongo, kati ya waafrika wa kwanza kuketi mle. Mabaraza hayo yalikuwa ya kushauri tu, wala hayakuwa na nguvu ya kuvunja amri ya gavana. Mwaka huohuo, 1947, Roelens alikufa. Kaoze alimfuata mwaka 1951. Hakuona askofu wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, Pierre Kimbondo, aliyewekwa mwaka 1956, wala uhuru wa mwaka 1960.

Anachowaachia wa mwaka wa kwanza

Mwaka 2017 Kanisa Katoliki la Kongo lilikumbuka miaka 100 tangu upadri wake. Mwaka uleule, Tanganyika ilikuwa katika mapigano kati ya Watwa na Waluba. Maelfu mengi ya jamaa walikimbia vijiji na kujenga vibanda vya nyasi kuzunguka Kalemie. Masomo mengi yalichomwa ao kufungwa. Watoto waliokuwa na umri wa kuanza herufi mwaka ule, wengi waliukosa. Mtoto akipoteza mwaka wa kwanza, hapotezi mwaka mmoja tu. Anaingia wa pili pasipo kujua kusoma, na kila somo linalofuata linamkuta amesimama mlangoni.

Sheria ya nchi inasimama upande wa njia aliyopita Kaoze. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya elimu inataja lugha za taifa, ao lugha za mahali, kuwa lugha za kufundishia watoto wa miaka ya kwanza ya primeri. Kwa jimbo la Tanganyika lugha hiyo ni Kiswahili. Kifaransa kinaingia polepole. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 primeri ya Leta ni ya bure, na watoto walimiminika. Ni jambo jema, lakini madarasa yalijaa kupita kipimo, mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto, wengine chini sakafuni, vitabu havitoshi.

Wazazi wengine nao wana haraka. Wanapenda mtoto aanze na Kifaransa siku ya kwanza, kwa kuwa Kifaransa ndicho kinacholeta kazi. Hofu yao inaeleweka. Lakini maisha ya Kaoze yanawajibu: yeye aliyeandika Kifaransa kilichochapwa Ubelgiji alianzia masomo ambayo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mtoto aliyeshika sauti za lugha anayoisema anavuka kwenda Kifaransa akiwa na chombo mkononi.

Na chombo hicho hakidai mali nyingi. Herufi moja kwa siku chache, si tano kwa mara moja. Kwanza sikio: mtoto aseme maneno anayoyajua yenye sauti ile, kabla hajaiona. Halafu jicho: aitafute herufi kati ya nyingine, kwenye gunia la unga, kwenye ukuta wa duka, kwenye ubavu wa mtumbwi. Halafu mkono: hewani, mchangani, kwenye ardwazi, na kaye ije mwisho. Anayechanganya b na d asichapwe. Karibu watoto wote wanachanganya mwanzoni, kwa sababu kikombe kikigeuzwa kinabaki kikombe, na ni herufi peke yake inayobadilika jina ikigeuzwa. Aonyeshwe kwamba b inaanza na fimbo, tumbo linafuata mbele, na d inaanza na tumbo, fimbo inafuata. Mama asiyejua kusoma naye anaweza kusaidia: amwambie mtoto aandike jina la nyumbani kwenye mchanga wa uwanja, na alisome kwa sauti.

Kaoze hakuacha watoto wala mali. Aliacha karatasi, na jina lenye herufi tano. Mtoto wa Zongwe ao wa Mpala aliyemaliza k, a, o, z na e ana kila kinachohitajika kuliandika, na kuliandika sawasawa.